Plastiki Katika Chaza: Kuhesabu Bila Kujidanganya

Chaza huishi kwa kuchuja. Maji yajaapo hufungua magamba yake, akayapitisha maji katika matamvua, na kunasa humo vijimea vidogo mno ambavyo ndivyo chakula chake. Chembe ya plastiki yenye ukubwa ulio sawa na vijimea hivyo hunaswa pia. Baadhi hutemwa, baadhi hufika tumboni. Samaki mkubwa tunamtumbua kabla ya kumpika. Chaza huliwa mzima, pamoja na tumbo na vilivyomo, kama aliwavyo dagaa. Ndiyo maana utafiti wa namna hii unaihusu afya ya jamii, wala si bahari peke yake.

Kwa mwanafunzi wa pwani yetu, chaza wa miamba, aitwaye kitaalamu Saccostrea cucullata, ni kielelezo kizuri: akishashika jiwe au mzizi wa mkoko hahami tena, na maji yakipwa hufikiwa bila chombo. Kinachotafutwa ndani yake ni chembe zisizofikia milimita 5, yaani maikroplastiki, jina lililoenea tangu makala ya Richard Thompson na wenzake ya mwaka 2004.

Kuipata plastiki ni kazi nyepesi. Kuthibitisha kwamba ilitoka ndani ya chaza ndiko kugumu. Lisbeth Van Cauwenberghe na Colin Janssen wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2014 vipimo vya chaza wa kufugwa: wastani wa chembe 0.47 kwa kila gramu ya nyama mbichi. Kwa kadiri hiyo, chaza mwenye nyama ya gramu 5 ana chembe mbili au tatu tu. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyevaa sweta ya akriliki, ameinama juu ya sahani yake. Nyuzi mbili zikidondoka, matokeo yamekaribia kuwa maradufu.

Kwa hiyo koti la maabara liwe la pamba, tena la rangi ya kutambulika upesi. Vyombo viwe vya kioo na chuma. Maji na kemikali zote zichujwe kabla ya kutumika. Nyama hupimwa uzito, kisha huyeyushwa katika mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10, kwenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi, kwa siku moja au mbili. Asidi ya naitriki huyeyusha nyama pia, ila huharibu nailoni, na nailoni ndiyo ya nyavu na kamba za wavuvi. Mtafiti wa pwani akiitumia atakuwa amefuta sehemu ya jibu lake.

Kila kundi la sampuli liambatane na chupa isiyo na nyama, ipitishwe hatua zile zile. Kipande kikionekana humo, kimetoka hewani au mikononi mwetu. Hadubini nayo haitoshi, kwani uzi wa pamba uliotiwa rangi hufanana mno na wa polisteri. Angalau sehemu ya vipande ithibitishwe kwa miale ya infraredi, hata ikibidi kuomba nafasi katika maabara ya chuo kingine. Ripoti yenye hesabu ya chaza bila hesabu ya chupa tupu isipokelewe, hata namba zake zikivutia vipi.

Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2016 uliwaweka chaza kwa miezi miwili katika maji yenye chembe za polistaireni. Idadi ya mayai yao ilipungua kwa asilimia 38, na kasi ya mbegu za kiume kwa asilimia 23. Hayo ni madhara kwa chaza, na mwanafunzi asiyahamishie kwa binadamu kwa kalamu tu.

Mama anayeokota chaza wa kuuza atauliza swali moja: waliwe au wasiliwe? Jibu la haki ni kwamba kuwapika hakuondoi plastiki, lakini kuwapika vema huua vijidudu vingi vya maji taka, ambavyo madhara yake kwa mlaji yanajulikana tangu zamani. Watafiti wa Ghent waliwaweka chaza siku tatu katika maji safi, na chembe zikashuka hadi 0.35 kwa gramu. Aambiwe pia asiokote karibu na mdomo wa mfereji, ambako maji taka na mifuko hutoka pamoja.