Tusiandike Maneno Tukaacha Sauti: Kukusanya Nyimbo za Kwetu

Tukipewa zoezi la fasihi simulizi wengi wetu hufanya hivi: twaenda nyumbani, twamkalisha bibi kitako, twaandika beti tatu za wimbo, twafunga daftari. Mwalimu hutia alama, basi, yamekwisha. Nasema huko si kukusanya wimbo. Tumechukua maneno tu, wimbo umebaki kwa bibi.

Hebu tutazame jambo lenyewe. Kidigo si kama Kiswahili. Katika Kidigo, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, hata kabla hujaimba. Ukiandika herufi peke yake, mtu wa miaka hamsini ijayo atajuaje? Na hapo sijataja ala. Sengenya ya Wadigo ina ngoma zaidi ya moja, upatu na nzumari. Huwezi kuitia kwenye daftari la kurasa 96. Kayamba nalo, yale matete yaliyotiwa mbegu, lina mwendo ambao mkono huujua na kalamu haiujui.

Kuna wenzetu wa mbali waliokosea upande wa pili. Mwaka 1792, mjini Belfast huko Ireland, waliitwa wapiga vinubi wa zamani, wengi wao wazee na baadhi yao vipofu, kwa kuwa watu waliona fani hiyo yafa. Aliyepewa kazi ya kuandika sauti zao alikuwa kijana wa miaka 19, Edward Bunting. (Miaka 19! Wako wakubwa kuliko hao katika kidato chetu cha nne.) Alimwona mzee Denis Hempson akipiga nyuzi kwa kucha ndefu, mtindo wa kale ambao wenziwe walikuwa wameuacha. Mwaka 1796 Bunting alitoa kitabu, lakini tuni alizipanga kwa piano, na maneno hayakuwamo. Ilipofika 1802 ndipo Patrick Lynch alipotumwa vijijini kuyatafuta maneno. Yeye sauti bila maneno, sisi maneno bila sauti: nyote mwaona hasara ni ile ile.

Hapa Kenya tuna mfano mzuri ambao twauimba kila paredi. Sauti ya wimbo wetu wa taifa, uliotungwa 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, kule Mto Tana. Maneno ni mapya. Sauti ni ya mama na mwanawe. Kama pale mtu angeandika maneno peke yake, leo tungeimba nini?

Sisi wa Lunga Lunga hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa ni Wadigo, ukiteremka Vanga wako Wavumba, upande wa Kinango ni Waduruma, na ukivuka mpaka Horohoro wawakuta Wadigo wengine na Wasegeju. Simu ya mzazi ina kinasa sauti. Iweke karibu na mwimbaji, mbali na redio na kuku, na mwache aimbe mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Kisha muulize: huimbwa wapi, na nani, wakati gani, wewe ulifunzwa na nani? Wimbo wa arusi usiochanganuliwa hivyo waweza kudhaniwa wa mavuno. Zipo pia nyimbo za pepo na za kaya ambazo si za kila sikio. Mzee akisema hii siimbi mbele ya watoto, mwambie ahsante, babu, ukanyamaze.

Ruhusa si adabu tu. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Tena ipo habari ya Hugh Tracey, aliyepita Kenya miaka ya 1950 akinasa nyimbo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Huko nyimbo zilihifadhiwa vizuri sana, lakini waimbaji walizeeka bila ya kuzisikia. Mpaka 2014 ndipo nakala ziliporudishwa Kenya na kupelekwa vijijini, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa wamekwisha fariki.

Kwa hiyo nakala ya kwanza mpe mwenyewe, siku ile ile, hata kama ni kwa kumpigia mjukuu wake simuni. Ya pili ije chamani, ikiwa na jina la wimbo, kijiji na tarehe.