Dawa Mbili za Kolesteroli: Angalia Misuli Yako
Simvastatini hupunguza kolesteroli. Jemfibrozili hupunguza mafuta mengine ya damu. Zikitumiwa pamoja, jemfibrozili huuzuia mwili kuondoa simvastatini, nayo hujilimbikiza na kuharibu misuli. Mwaka wa 2001 dawa ya jamii hiyo, serivastatini, iliondolewa sokoni baada ya vifo. Baadhi ya waliofariki walitumia pia jemfibrozili.

Mapaja au mabega yakiuma bila sababu, mweleze daktari kabla ya kuacha dawa yoyote. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwani figo ziko hatarini.

Wengi wetu huhudhuria kliniki mbili, na daktari mmoja hajui alichoandika mwenzake. Beba pakiti zote, hata za duka la dawa.