Shilingi 30,000 Zimeenda Wapi? Kusoma Hati ya Mshahara

Mlinzi aliyeandikwa kazi kwa mshahara wa Sh30,000 kwa mwezi hupokea Sh26,000 na ushei, kisha humlaumu mhasibu au benki. Jibu limo kwenye hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati hiyo kwa maandishi, ikionyesha kila kato na sababu yake.

Tuseme ni mshahara huo wa Sh30,000, kwa viwango vya mwaka 2025. Akiba ya uzeeni ya NSSF huchukua asilimia 6, yaani Sh1,800. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, ambayo ni Sh825. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, au Sh450. Jumla ni Sh3,075. Mwajiri naye hutoa Sh1,800 nyingine za NSSF na Sh450 za nyumba, lakini kutoka mfuko wake mwenyewe. Mfanyakazi akiona amekatwa Sh3,600 za NSSF, amebebeshwa mzigo wa mwajiri.

Ushuru wa mapato, PAYE, ndio unaowachanganya wengi, wakiwemo baadhi ya waajiri. Tangu Desemba 27, 2024, makato hayo matatu huondolewa kwanza kabla ya PAYE kukokotolewa. Kwa hivyo mlinzi huyu hutozwa ushuru kwa Sh26,925 pekee. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni Sh2,400. Sh2,925 zinazosalia hutozwa asilimia 25, yaani Sh731.25. Kisha huondolewa nafuu ya ushuru ya Sh2,400 ambayo kila mfanyakazi anayelipa PAYE hupewa kila mwezi. Anabaki kulipa Sh731.25, na mkononi hupata Sh26,193.75.

Akikokotolewa kwa Sh30,000 nzima, PAYE itakuwa Sh1,500, zaidi ya maradufu. Tofauti ya Sh768.75 si pesa ya kupuuza katika nyumba inayohesabu pakiti za unga.

Mikopo ya Sacco na madeni mengine hufuata, lakini makato yote kwa pamoja hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara.

Hata hivyo, kato kuonekana kwenye hati si ithibati kwamba pesa zimefika. Wengine hugundua hilo wakiwa dirishani hospitalini, mgonjwa akisubiri, wanapoambiwa michango yao haijalipwa. PAYE na SHIF zinafaa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi anaweza kukagua hali ya bima yake kwa kubonyeza *147# kwenye simu, na kuomba NSSF taarifa ya akiba yake. Kwa PAYE, adai fomu ya P9 kila mwaka, kwani ataihitaji kuwasilisha ripoti yake kwa KRA kabla ya Juni 30 kupita.

Mwajiri anayekata pesa hizi bila kuziwasilisha anatenda kosa la jinai. Malalamishi hupelekwa kwa ofisi ya leba, ambayo iko chini ya serikali kuu, si kaunti. Mlalamishi abebe hati za mshahara za miezi yote inayobishaniwa, barua ya kuajiriwa ikiwa anayo, na taarifa za NSSF.