Faili salama za kusakinisha mashine pepe

*Nafundisha kompyuta katika chuo kidogo hapa Bariadi. Nataka kuandaa kiolezo cha mashine pepe kwa wanafunzi, lakini faili za ISO ninazopewa kwenye flashi hugoma katikati ya usakinishaji, na bando ni ghali. Nipate wapi zilizo salama?*
*Mwalimu, Simiyu*

Pole, Mwalimu. Huenda kosa si lako. Faili linalozunguka kwa flashi linaweza kuharibika au kuchezewa, na kwa macho hutaona dalili.

Chukua kwenye chanzo. Debian na Ubuntu hutolewa bure kwenye debian.org na ubuntu.com. Faili la Debian liitwalo netinst halifiki GB 1, ila linategemea intaneti wakati wa kusakinisha. DVD ya kwanza, takriban GB 4, inafaa pasipo na mtandao. Pakua kwa torrent: umeme ukikatika, utaendelea ulipoishia. Windows Server ya majaribio, ya siku 180, ipo kwenye tovuti ya Microsoft.

Kisha hakiki. Kwenye Windows andika `certutil -hashfile debian.iso SHA256`, ukiweka jina la faili lako. Linganisha alama 64 zitakazotokea na zile za tovuti rasmi. Ikitofautiana hata moja, futa faili, pakua upya.

Sakinisha mara moja kwenye VirtualBox, kisha tengeneza nakala za wanafunzi, kila moja na anwani yake ya MAC.

Alama zikilingana na bado usakinishaji unagoma, mwite fundi apime RAM na diski.

Faili lililohakikiwa litunze: bando la mara moja litahudumia darasa zima.