Mafunzo Niliyopata Nikiwasindikiza Manusura Migori na Homa Bay

Sisi wajitolea si madaktari wala mawakili. Tunaandamana na manusura wa ukatili wa kingono na wa nyumbani hospitalini, polisi na mahakamani, ili asiwe peke yake.

1. Nauli huokoa maisha. Dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Aliyebakwa usiku kisiwani Remba husubiri boti ya asubuhi, kisha atafute pikipiki, na huenda hana hata shilingi. Ndiyo maana sisi huanza na nauli, maneno baadaye.

2. Aliyebakwa asioge kwanza, ushahidi usipotee. Najua ni vigumu. Mwili wote unadai maji. Nguo alizovaa tunazifunga kwa gazeti au bahasha ya kaki, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitalini ijazwe fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na polisi watoe P3, fomu ya ripoti ya daktari.

3. Usimuulize manusura kwa nini hakuondoka. Kwenye fuo za ziwa, mchuuzi wa samaki aliyenaswa katika jaboya, ngono kwa samaki, akimshtaki mvuvi anaweza kukosa samaki wa kuuza kesho. Mke anayepigwa huwaza watoto, shamba na mahari iliyolipwa. Mwambie, "Pole, mama. Nakuamini. Ungependa tuanze wapi?" Kisha nyamaza. Uamuzi ni wake, hata ukikuuma.

4. Mbuzi hafuti jinai. Hili ndilo linalonichoma zaidi. Wazee wa koo mbili huketi chini ya mti kumaliza kesi ya unajisi nyumbani, mbuzi na pesa vinatajwa, huku msichana yumo jikoni akiosha vikombe walivyonywea chai, anasikia bei yake. Hakuna anayemwita. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, si ya baba wala ya ukoo. Nawaheshimu wazee wetu, lakini hapa hawana mamlaka.

5. Siri ya manusura si yako. Usiisimulie hata kwa mumeo, hata bila kutaja jina. Kijijini watu hukisia upesi.

Ukimwona jirani anaumizwa, usingoje kuitwa. Piga simu ya msaada ya 1195, ni bure, usiku na mchana. Kwa mtoto, piga 116. Na kama una nafasi ya kumsindikiza mtu mahakamani, jitokeze. Tuko wachache.