Upatanisho wa Kisarufi katika Maktaba Mpya za Programu Huria: Mfano wa KDE

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kiasi ambacho maktaba mpya za KDE zinakidhi mahitaji ya lugha yenye ngeli nyingi kama Kiswahili. KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, ni jumla ya programu huria zinazompa mtumiaji wa kompyuta madirisha, menyu na vitendea kazi vingine. Maktaba, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mkusanyo wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa ili vitumiwe na programu nyingine nyingi.

2.0 Maendeleo ya Maktaba

Hadi toleo la 4, huduma nyingi za msingi zilifungamanishwa katika mkusanyo mmoja ulioitwa kdelibs. Mwezi Julai 2014 mkusanyo huo ulitolewa upya kwa jina la KDE Frameworks 5, ukiwa umegawanywa katika maktaba zaidi ya 50, ili mwandishi wa programu achukue ile tu anayoihitaji. Toleo la 6 lilifuata Februari 2024. Miongoni mwa maktaba hizo, inayomhusu zaidi mwanaisimu ni KI18n, ambayo hushughulikia tafsiri ya ujumbe unaoonekana kwenye skrini. Maktaba hii humwezesha mwandishi wa programu kumpa mfasiri maelezo ya muktadha, na hutenganisha umoja na wingi.

3.0 Tatizo la Ngeli

Utaratibu wa umoja na wingi huteua umbo la sentensi kwa kuzingatia idadi peke yake. Kwa Kiswahili, idadi haitoshi. Tuchukue ujumbe wenye nafasi ya kujazwa nomino, na kitenzi kisichobadilika *imeondolewa*:

(1) Picha imeondolewa.
(2) *Jedwali imeondolewa. (Sahihi: limeondolewa)
(3) *Waraka imeondolewa. (Sahihi: umeondolewa)
(4) *Kiongozi imeondolewa. (Sahihi: ameondolewa)

Nomino zote nne zimo katika umoja, lakini kila moja inadai kiambishi chake. Aidha, mfano wa (4) unadhihirisha kwamba umbo la nomino si kigezo cha kutegemewa: *kiongozi* huanza kwa ki-, ilhali upatanisho wake ni wa viumbe hai. Hivyo basi, ngeli haina budi kuorodheshwa pamoja na nomino yenyewe, kama ifanyavyo kamusi.

KI18n inatoa nafasi hiyo. Mfasiri anaweza kuambatisha sifa za kisarufi kwa nomino, kisha akaandika maelekezo katika lugha ya JavaScript yanayoteua umbo la kitenzi kulingana na sifa hizo. Hata hivyo, utaratibu huu hauwezi kujua ngeli ya jina ambalo mtumiaji amejitungia. Hapo inafaa kutanguliza nomino inayojulikana: *Faili liitwalo "Kitabu" limeondolewa*. Kitenzi sasa kinapatana na *faili*, na jina lolote laweza kufuata.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba kasoro nyingi za upatanisho kwenye skrini hazitokani na udhaifu wa Kiswahili, wala si lazima zivumiliwe kwa kisingizio cha mashine. Nyenzo ipo, kinachohitajika ni orodha ya istilahi za kompyuta inayoonyesha ngeli ya kila nomino. Kazi hiyo ni ya wanaisimu, na isipofanywa, wanafunzi wetu wataendelea kusoma kila siku sentensi ambazo mwalimu angezisahihisha kwa wino mwekundu.