Tupitie Bango Pamoja Kabla ya Kulichapa



Katika somo hili tunazungumza juu ya mabango tunayotumia katika kazi ya amani. Wengi wenu mmeyaona kwenye ukuta wa kituo cha afya, shuleni, au mahali pa kugawia chakula. Swali letu ni hili: nani huyatazama kabla hayajachapwa? Na akiona kosa, neno lake linamfikia mchoraji?

Kisa kilichotufundisha

Tulikuwa tunatayarisha bango juu ya ugomvi wa mashamba na malisho. Mchoraji wetu, anayefanya kazi mjini, alichora mchungaji mwenye fimbo na ng'ombe wake ndani ya shamba la maharage. Pembeni alichora mama mwenye jembe, analia. Tulituma mchoro huo kwa simu na kwa barua pepe. Mmoja wetu alijibu kwa ujumbe, mwingine alipiga simu, wa tatu aliandika kwenye karatasi. Baada ya wiki mbili tulikuwa na matoleo matano, na hakuna aliyejua lipi ni la mwisho.

Siku chache kabla ya kwenda kwa mchapaji, mama mmoja anayeishi katika familia iliyompokea alituuliza kwa nini mkosaji ni wa upande mmoja tu. Tulishtuka. Katika Masisi, ng'ombe na jembe si vitu tu. Watu huvisoma kama majina ya makabila. Mnakumbuka kwamba machafuko ya 1993 yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na kwamba ardhi na madaraka vilikuwa ndani ya ugomvi ule. Bango letu lingesema kwamba jamii moja ndiyo mvamizi. Tungelipa pesa kuchapa uchochezi, tukiuita amani.

Jambo lililotuumiza zaidi ni kwamba mwenzetu aliyekuwa Walikale alikuwa amekwisha kulisema. Lakini aliliandika kwenye toleo la pili, wakati mchoraji alikuwa amefika kwenye la nne. Neno lilisemwa, likapotea njiani.

Programu hizi zinasaidia namna gani

Kuna programu za kupitia michoro kwenye mtandao. Mchoro huwekwa mahali pamoja, na timu yote hupewa anwani moja ya kuufungua. Ukibonyeza kwenye fimbo ya mchungaji, alama inabaki pale, nawe unaandika maoni yako. Wenzako wanayaona na kuyajibu. Mchoraji akisahihisha, toleo jipya hupewa nambari, na la zamani linabaki kwa kulinganisha. Mwisho, wanaohusika huweka alama kwamba wamekubali. Si lazima kununua kitu cha bei kubwa: hata faili ya PDF inaweza kuandikiwa maoni kwa Acrobat Reader, ambayo ni ya bure.

Lakini programu peke yake haikutuponya. Wenzetu waliikwepa mwanzoni. Wengine waliogopa kwamba maoni yaliyoandikwa yatageuzwa lawama. Mchoraji aliona kama anatukanwa mbele ya watu. Na mtu aliyezoea simu hurudi kwenye simu. Hivi ndivyo tulivyofanya:

1. Tulianza na bango moja dogo, si na kazi yote ya mwaka.

2. Tulichagua mtu mmoja wa kukusanya maoni na kufunga toleo. Maoni yaliyokuja kwa simu, yeye aliyaingiza kwenye programu. Hakumgombeza mtu.

3. Tulikubaliana kwamba maoni yaseme kinachoonekana na kinachoweza kueleweka vibaya. «Sipendi» haimsaidii mchoraji. «Watu watadhani huyu ni mwizi» inamsaidia.

4. Tuliweka siku ya mwisho ya maoni, tukizingatia kwamba wenzetu wengine hupata mtandao mara moja kwa wiki.

5. Picha tulizipunguza zisizidi mega moja, ili zifunguke hata pale mtandao ulipo dhaifu.

Kuwafikia wasio na mtandao

Wenye haki ya kwanza ya kusema ni familia zilizohama, na wengi wao hawana simu ya kufungua mchoro. Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009, unataka wakimbizi wa ndani waulizwe na washiriki katika maamuzi ya ulinzi na misaada yao. Bango linalozungumza juu yao ni moja ya mambo hayo.

Kwa hiyo tunachapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida, tunaweka nambari kwenye kila sehemu, na kuketi na vikundi vidogo. Wanawake peke yao, vijana peke yao, viongozi peke yao, kwa sababu mbele ya chifu si kila mtu atasema yaliyo moyoni. Hatuelezi mchoro kwanza. Tunauliza: Mnaona nini? Hawa ni watu wa wapi? Nani amekosa? Baada ya kuona, mtu atafanya nini? Tukipata mtandao, tunaingiza majibu kwa nambari zile zile.

Kwa njia hii bango letu lilibadilika. Sasa mchungaji na mkulima wamesimama pamoja mbele ya wazee, wakionyesha mpaka wa shamba. Kwa Walikale tulichora lingine lenye msitu na mihogo, maana watu wa kule walituambia vilima vyenye ng'ombe si kwao.

Tahadhari ya usalama

Tusiandike kamwe jina la aliyetoa maoni, wala mahali anapolala. «Kikundi cha wanawake, namba 2» inatosha. Anwani ya mchoro ilindwe kwa neno la siri. Kabla ya safari, tufute michoro na maoni kwenye simu, kwa kuwa simu inaweza kukaguliwa barabarani. Mwezi wa pili 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilitawanyika. Orodha ya majina ikianguka mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuwafuata hadi huko walikokwenda.

Mwisho, turudi kwa vikundi na mchoro uliosahihishwa. Mtu aliyetoa maoni asipoona yalikokwenda, mara nyingine atanyamaza. Na bango lisilokosolewa na mtu si lazima liwe zuri. Huenda watu wamechoka kusema bure.

Maswali ya kuzungumzia katika kamati zenu

– Ni bango gani hapa kwetu ambalo watu hulielewa vibaya? Kwa nini?
– Nani hajaulizwa bado?
– Tukiona kosa kesho, tutamwambia nani, na tutajuaje kwamba amesikia?